Mjomba, naliwa na mtu asiyefikiri

BARUA

Mjomba, shikamoo.

Naandika nikiwa na haya kidogo. Najua wapo wanaokuandikia habari za ndoa zinazovunjika na mabosi wasiolala, nami nakuja na karata. Lakini jambo lenyewe limeninyima usingizi siku ya tatu leo, kwa hiyo nivumilie.

Sisi ni sita, tunafanya kazi mahali pamoja, na kila Ijumaa jioni tunacheza poka, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Dau ni dogo, hakuna anayeuza kiwanja. Zamani nilicheza kama kila mtu: nikipata nzuri naweka, nikipata mbaya natupa, na mwisho wa mwezi najikuta palepale nilipoanzia. Mwaka huu nikaamua kujifunza. Nimetazama video za mabingwa hadi macho yakawa mekundu, na huko ndiko nilikokutana na habari ya ngazi za kufikiri. Kwamba mchezaji wa ngazi ya kwanza anajiuliza, "Mimi nina nini?" Wa pili anajiuliza, "Mwenzangu ana nini?" Wa tatu, "Mwenzangu anadhani mimi nina nini?" Wa nne, "Mwenzangu anadhani mimi namdhania ana nini?" Na ngazi zinaendelea hivyo hadi kichwa kinazunguka. Nikasema, kumbe! Kumbe miaka yote nilikuwa nimesimama mlangoni.

Sasa, Mjomba, tangu nipande ngazi hizo naliwa kuliko zamani.

Anayenila zaidi ni mwenzetu mmoja nitakayemwita Twende, kwa sababu kila akiwekewa dau husogeza chipu zake, vile vibao vya kuhesabia dau, na kusema, "Haya, twende tukaone." Hatupi karata huyu. Ijumaa iliyopita nilikuwa na ree ya kopa na mfalme wa uru. Nikapandisha, wote wakatupa isipokuwa yeye, poti, lile fungu la katikati analolichukua mshindi, ikawa na chipu 10. Mezani zikaja tisa ya kopa, sita ya kopa na mbili ya pau. Sina kitu, lakini nikaweka 5 kama mtu mwenye jozi kubwa. Twende akafuata. Karata ya nne ikaja jeki ya kopa. Hapo kopa zikawa tatu mezani, na ree ya kopa ninayo mimi, yaani yeye hawezi kuwa na flashi (karata tano za alama moja) iliyo kubwa kuliko zote. Nikaweka 15. "Haya, twende." Karata ya tano, nne ya uru. Nikatulia. Nikaipanga hadithi yangu: nilipandisha mwanzo, nimeweka kila hatua, kopa ya tatu imekuja na sikutetereka. Mtu yeyote mwenye akili ataona nina flashi. Poti ilikuwa na 50, nikasukuma 50.

Hakungoja hata niondoe mkono. Akafuata, akafunua tisa ya pau na saba ya shupaza. Jozi ya tisa, Mjomba! Nikamwuliza alizifikiriaje zile kopa. Akainama kuitazama meza, kisha akaniuliza, "Kwani kulikuwa na kopa tatu?"

Wa pili ni dada mmoja hapohapo mezani, Bi Kimya tumwite. Huyu ni kinyume cha Twende: anatupa karata nyingi, anaongea kidogo, na akikufuata mara nyingi una makosa wewe. Usiku huohuo nilikuwa na jozi ya malkia. Mezani kulikuwa na kumi ya pau, saba ya pau, tatu ya uru, tano ya shupaza, na mwisho tatu ya kopa. Nilikuwa naweka yeye anafuata, naweka anafuata, hadi karata ya tano nilipoweka akapandisha mara tatu ya dau langu. Nikaanza kupanda ngazi. Anajua mimi najua kwamba yeye hapandishi ovyo, kwa hiyo anatumia sifa hiyo kunitisha. Lakini anajua nitawaza hivyo, kwa hiyo anazo kweli. Lakini na hilo analijua pia... Dakika mbili zikaisha, wenzangu wanaguna. Nikafuata. Alikuwa na ree ya pau na tatu ya pau, kwa hiyo karata za namba tatu zikawa zimetimia tatu. Akavuta chipu akasema, "Pole." Akaongeza kitu ambacho bado kinaniuma: "Ukiwa na karata huwa unaweka harakaharaka. Ukitulia, unatunga."

Naomba unisaidie. Je, nipande ngazi nyingine? Nimesoma kidogo mno au nimesoma sana? Kuna wenzangu wanashauri tuongeze dau ili Twende ajifunze kuogopa, nikubali? Na la mwisho: nimkalishe Twende chini nimweleze makosa yake, ili angalau tucheze poka yenye heshima?

Ni mimi mpwa wako,
Nimechoka Kufikiri

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Usione haya. Hao wa ndoa nao mara nyingi wanaliwa kwa kosa hilihili, ila wao hawana chipu za kuhesabu.

Nianze na zile kopa. Hadithi uliyompangia Twende ilikuwa nzuri, sikufichi. Mimi mwenyewe ningeitupa ile jozi ya tisa na nikalala vizuri. Shida ni kwamba ulimsimulia mtu asiyekuwa akisikiliza. Ulimpigia mbuzi gitaa, halafu sasa unamlalamikia mbuzi kwamba hakucheza.

Neno "ngazi" ndilo limekupotosha. Ukisikia ngazi unadhani aliye juu zaidi ndiye mshindi, kama anayepanda mnazi. Kwenye karata siyo hivyo. Ngazi yenye faida ni ile moja tu juu ya mtu uliyekaa naye, na ukipita hapo unaanza kucheza na mtu ambaye hayupo mezani. Twende yuko ngazi ya kwanza. Swali lake ni "nina nini?", jibu lake ni "nina tisa mbili", mjadala umefungwa. Anayemzidi kwa ngazi moja anajiuliza Twende ana nini, anaridhika na jibu, basi. Blafu, yaani kuweka dau kubwa huku huna kitu ili mwenzako atupe, ni mali ya ngazi ya tatu: inahitaji mwenzako awe anajiuliza wewe una nini. Huwezi kumdanganya mtu ambaye hajakuuliza kitu.

Sasa tufanye hesabu, maana naona umejifunza nadharia ukaruka kujumlisha. Poti ina 50 nawe unasukuma 50 huku huna kitu. Akitupa unapata 50, akifuata unapoteza 50. Kwa hiyo blafu hiyo inalipa iwapo tu atatupa zaidi ya nusu ya mara. Tuseme Twende, siku akiwa na wasiwasi, anatupa mara moja katika kumi. Ukirudia blafu hiyo mara kumi, unapata 50 mara moja na kupoteza 50 mara tisa. Umetoa chipu 400 kumlipia mtu darasa la ngazi ya tatu, na yeye hata hakuhudhuria.

Kuna jambo litakalokuuma zaidi ya lile la Bi Kimya, lakini bora ulisikie kwangu. Geuza meza, kaa kwenye kiti cha Twende. Anatakiwa kulipa 50 ili ashindanie 100 zilizoko katikati. Akiwa na jozi yake ya tisa, inamtosha kuwa sahihi mara moja tu katika tatu ili asipate hasara. Je, wewe siku hizi, ukisukuma dau la ukubwa wa poti kwenye karata ya tano, ni mara ngapi unakuwa huna kitu? Kwa barua ulivyoiandika, mtu aliyetoka kwenye video na hamu ya kujaribu kila alichokiona, nakisia ni zaidi ya mara moja katika tatu. Kama ni hivyo, basi kufuata kila dau bila kutazama meza ndiyo dawa yako hasa. Twende hakuitafuta, hajui kwamba anayo, lakini anakunywesha. Ndiyo maana zamani ulipokuwa "mlangoni" hukuwa unaliwa: ulikuwa unaweka dau ukiwa na karata, na yeye anafuata akiwa hana. Ulikuwa ngazi moja juu yake bila kujua. Ukasoma, ukapanda mbili, ukamwacha. Akili nyingi huondoa maarifa, walisema, na sidhani waliosema hivyo hawakuwahi kushika karata.

Nikupe mfano usio wa karata, maana ukiwa na hasira za karata huwezi kuona vizuri. Kuna mchezo ambao wachumi wanaupenda. Kila mtu anachagua namba kuanzia 0 hadi 100, kisha zinatafutiwa wastani, na mshindi ni aliyekaribia theluthi mbili za wastani huo. Ukidhani watu watachagua ovyo, wastani utakuwa 50, kwa hiyo unachagua 33. Lakini ukidhani wote wamewaza hivyo, unashuka hadi 22. Ukidhani wote wamefika hapo, 15. Ukiendelea kushuka na mantiki hiyo bila kusimama, unafika 0, na kimahesabu 0 ndilo jibu lisilopingika. Rosemarie Nagel aliupeleka mchezo huu kwa watu halisi, akachapisha matokeo mwaka 1995. Namba za watu zilirundikana karibu na 33 na karibu na 22. Waliokaribia 0 mara ya kwanza walikuwa wachache sana. Sasa fikiria mtu ambaye angechagua 0. Mantiki yake haina doa, na angeshindwa na aliyesimama njiani akajiuliza, "Hawa wenzangu watafika wapi kweli?" Wewe Ijumaa ulichagua 0, mpwa wangu, kwenye meza ya watu wa 33.

Kwa hiyo kwa Twende, acha hadithi. Ukiwa na karata, mtoze. Na mtoze sana, kwa sababu kosa la pili la watu waliotoka kwenye video ni kuweka dau dogo wakiwa na karata nzuri, "ili asikimbie." Huyu hakimbii! Kama atafuata 15, atafuata 30. Ukiwa na ree mbili au jozi ya juu ya meza (yaani yako imelingana na karata kubwa kuliko zote za mezani), weka theluthi mbili za poti kila hatua, uso wako uwe vyovyote utakavyo. Unaweza hata kuwa unacheka. Huhitaji kuwa na uhakika wa kushinda kila mara. Ukiweka 50 mara kumi, akifuata na takataka mara saba na kukushinda mara tatu, umepata 350 na kupoteza 150. Hiyo 200 inayobaki ndiyo mshahara wa subira, na haina sifa yoyote. Hakuna atakayekupigia makofi.

Ukiwa huna kitu, pita bila kuweka dau, au tupa. Hata lile dau lako la 15 kwenye karata ya nne, ambalo mabingwa wako wangelisifu, kwa Twende lilikuwa hasara. Hebu tulihesabu vizuri, kwa sababu hapa ndipo utaona tofauti. Ulikuwa na ree ya kopa na kopa tatu zimelala mezani, kwa hiyo kopa tisa zilizobaki zingekupa flashi. Ree tatu zilizobaki nazo zingeishinda jozi yake, na wafalme wawili wasio wa kopa pia. Jumla 14. Ukiondoa mbili zako, mbili zake na nne za mezani, zimebaki karata 44. Kumi na nne katika 44, karibu theluthi moja. Kwa mtu anayeweza kutupa, ukiweka hapo una njia mbili za kushinda, atupe sasa au wewe utimize baadaye, na dau ni zuri sana. Kwa mtu asiyetupa kamwe, umebaki na njia moja: unachangia nusu ya fedha mpya inayoingia kwenye poti huku sehemu yako ikiwa theluthi. Karata zilezile, meza ileile, dau lilelile, na jibu limegeuka kwa sababu ya mtu aliyekaa mbele yako. Hapo ungepita ukaitazama karata ya tano bure.

Na siku Twende asiyepandisha akipandisha, weka karata chini ukanyooshe miguu. Usimtafutie hadithi. Amepata.

Lakini hutakaa na Twende peke yake maisha yako yote, kwa hiyo utauliza, nitajuaje mtu yuko ngazi ipi? Watu wanakodolea macho, mikono, wanasikiliza pumzi. Mimi nasikiliza wanavyojitetea mgao ukiisha. Mtu akishindwa hujieleza, hawezi kujizuia, na maelezo yake ndiyo anwani yake. Akisema "lakini nilikuwa na jozi ya juu!" huyo ni wa ngazi ya kwanza, anadai haki ya karata zake. Akisema "nilikudhania una flashi," huyo anakutazama wewe, na huyo sasa unaweza kumsimulia hadithi, tena itamwingia. Akisema "nilijua hutaamini kwamba ninazo," huyo amekaa anaitazama sura yake mwenyewe kwa macho yako. Naye anaposimuliwa hadithi nzuri kupita kiasi, huanza kunusa. Swali la Twende kuhusu kopa tatu lilikuwa zawadi. Alikupa anwani yake, mtaa na namba ya nyumba, wewe ukaichukua kama tusi.

Halafu usimgandishe mtu kwenye ngazi moja. Mchezaji mzuri aliyepoteza poti kubwa dakika kumi zilizopita anaweza kushuka hadi ngazi ya kwanza, anatazama karata zake tu na jeraha lake. Mtu aliyechoka hushuka. Anayeshinda sana hushuka pia, maana huanza kuamini karata zinampenda. Na wewe, nisomapo barua yako, ulimkuta Bi Kimya ukiwa umetoka kwa Twende moja kwa moja. Ulidhani umefika ngazi ya nne au ya tano. Mimi naona mtu aliyekuwa anatafuta sababu ya kufuata kwa vile amechoka kuliwa.

Tuje kwake basi. Mgao wenyewe haukuwa na fumbo. Alikuwa na ree na tatu za pau. Mezani pau mbili na tatu moja. Alikufuata kwa jozi ndogo na matumaini ya flashi, tatu ya pili ikatua, akapandisha. Mtu mpole anayetupa karata nyingi, amefuata hatua mbili, karata ya mwisho imerudia namba iliyoko mezani, anapandisha mara tatu. Kwenye meza za marafiki, dau la namna hiyo kwenye karata ya tano kwa kawaida lina maana ileile linayoonekana nayo. Jozi yako ya malkia ilikuwa nzuri hadi dakika ile, kisha ikawa karata mbili zenye picha za wanawake.

Tazama pia ngazi zako zilivyozunguka. "Ananitisha, kwa hiyo nifuate. Anajua nitafuata, kwa hiyo anazo, nitupe. Anajua nitatupa, kwa hiyo ananitisha." Ukipanda mbili unajikuta unafanya kilekile alichofanya wa chini. Ngazi ikifika hapo imekuwa gurudumu, na linasimama pale hamu yako inapotaka lisimame. Mtu akiniambia amefikiria hadi ngazi ya sita, namwuliza alitaka kufanya nini kabla hajaanza kufikiri. Jibu huwa ni lilelile aliloishia nalo.

Na Bi Kimya hakuhitaji ngazi zote hizo kukusoma. Alitazama saa! Ukiwa na karata unaweka haraka, ukitunga unatulia. Hata kwenye ule mgao wa kopa uliandika mwenyewe: "Nikatulia. Nikaipanga hadithi yangu." Hiyo tiba yake ni rahisi na utaianza Ijumaa hii. Kila zamu yako ikifika, uwe na ree mbili au huna kitu, hesabu kimoyomoyo hadi tano, kisha ndipo uguse chipu. Kila mara. Hata ukiwa unatupa. Wenzako watalalamika kidogo halafu watazoea.

Baada ya hapo, kwa mtu anayekuzidi kusoma, usishindane naye kusoma. Rudi kwenye hesabu, ambako hakuna kitu cha kusomwa. Kama kwenye karata ya tano unaweka dau la ukubwa wa poti, katika kila mara tatu za namna hiyo uwe na karata nzuri mara mbili na blafu mara moja. Ukiweka nusu ya poti, blafu iwe moja katika nne. Kwa kiwango hicho, akiwa na karata inayoshinda blafu zako tu, hapati faida kwa kufuata wala kwa kutupa, awe amekusoma au hajakusoma. Na hiyo blafu moja usiichague kwa hasira. Ile ree ya kopa peke yake, ikiwa imeizuia flashi kubwa kuliko zote, ilikuwa blafu iliyochaguliwa vizuri kabisa. Ilikosea mtu tu. Ungempelekea Bi Kimya ingekuwa na maisha.

Usidhani huku kurudi kwenye hesabu ni woga wa wanaoanza. Januari 2017, jijini Pittsburgh, Marekani, programu inayoitwa Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliketi na wataalamu wanne wa poka ya watu wawili wawili, dau bila kikomo, kwa siku 20 na migao 120,000. Iliwashinda wote wanne. Msingi wake haukuwa kukisia nani kati yao anawaza nini. Ilicheza kwa kukaribia mizani ile ambayo mpinzani hana pa kuishika, na usiku, wanaume wale wakiwa wanapanga mbinu za kesho, yenyewe ilikuwa inatafuta ni wapi madau yao yamefichua tundu ndani yake, inaliziba. Ilikuwa inaziba matundu yake. Nakipenda sana kipande hicho. Lakini kumbuka pia kwamba mashine ya namna hiyo, ikikaa na Twende, ingemla polepole kuliko wewe utakavyomla ukiamua, kwa sababu ingeendelea kupiga blafu zake za kiasi kwa mtu asiyetupa. Kwa Bi Kimya kuwa mashine, kwa Twende kuwa muuza duka.

Umeniuliza kama umesoma kidogo au sana. Umesoma ya wengine. Hizo video ni za mabingwa wakichezana wao kwa wao, na kila mmoja amekwisha kuhakikisha kwamba aliyeko mbele yake anasikiliza. Wewe uliichukua mbinu ukaiacha hiyo hatua ya kwanza. Endelea kutazama, ila kila wakikuonyesha blafu ya ajabu, simamisha ujiulize mpinzani alifanya nini kwenye migao iliyopita hadi ikastahili. Wasipoonyesha, tafuta video nyingine.

Kuongeza dau, hapana. Dau likifika kiasi cha kumtisha Twende litakuwa limekwisha kukutisha wewe, na aliyeogopa ndiye hutupa jozi ya malkia wakati usio wake. Tena huo ni mlango ambao marafiki wakishaufungua huwa hawaufungi. Mchezo ambao leo hakuna anayeuza kiwanja uacheni hivyohivyo.

Umebaki mtihani wa kumkalisha Twende chini. Nimelicheka swali hili, nikalirudia, nikacheka tena. Unataka kumfundisha yule mtu anayelipa jozi ya tisa kwenye kopa tatu, ili kwamba siku utakayokuwa na flashi ya kweli azione na atupe? Mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, na wewe hata werevu wenyewe bado tunautengeneza. Akikuomba umfundishe, mfundishe, huyo ni rafiki yako, usimfiche. Lakini hajaomba. Ana furaha, anaona poti nyingi kuliko ninyi wote, na neno lake la "twende tukaone" ndilo linalowafanya mkae mezani hadi usiku. Ijumaa akiuliza tena kama kulikuwa na kopa tatu, mwambie ndiyo, zilikuwepo, kisha mpe karata achanganye.